Taa zinapokataa kuinuka: Gari lako lisigeuke chongo usiku

Ilikuwa yapata saa mbili usiku, mvua ya vuli ikinyesha, shemeji yangu alipoondoka mjini Embu na mkewe na mtoto wao mdogo kuelekea Chuka. Gari lao lilikuwa Toyota Celica kuukuu, lile la milango miwili ambalo taa zake hulala ndani ya bodi mchana na kuinuka usiku mithili ya macho ya chura.

Walisimama Runyenjes kutia petroli. Alipowasha taa tena, ya kushoto iliinuka, ya kulia ikabaki imelala. Shemeji aliitazama, akatikisa kichwa, akajisemea kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Akaondoka.

Walipokuwa wakiteremka kona za kuelekea mto Thuci, pikapu iliyokuwa ikija mbele yao ilitoka nyuma ya lori na kuanza kulipita. Dereva wake hakuwa mwendawazimu. Aliona taa moja pembeni mwa barabara, akadhani ni bodaboda aliyejibanza kando na kwamba nafasi ilikuwa tele. "Baba watoto, toka barabarani!" mkewe alipiga kelele. Shemeji alikata usukani, gari likaingia kwenye matope kando ya barabara, na pikapu ikapita ikipiga honi. Hakuna aliyeumia, lakini mama hajapanda gari hilo usiku tangu siku hiyo.

Msomaji, hapo ndipo penye hatari yenyewe. Sisi Wakenya huendesha magari upande wa kushoto. Taa ya kulia ndiyo humwonyesha anayekuja gari lako limefika wapi katikati ya barabara. Ikilala, gari zima hugeuka pikipiki machoni pake. Na barabara ya Embu hadi Meru, yenye miteremko na kona nyingi, haina msamaha. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi na kuua zaidi ya watu 30. Ajali hiyo haikuhusu taa hizi, lakini yatosha kutukumbusha kwamba barabara hiyo si mahali pa kubahatisha.

Zilitoka wapi?

Taa za kuinuka si uvumbuzi wa juzi. Gari la Kimarekani, Cord 810 la mwaka 1936, lilikuwa nazo, na dereva alizifungua kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Wajapani walizipenda sana katika miaka ya themanini na tisini, wakaziweka kwenye magari kama Celica, Honda Prelude na Mazda MX-5. Hapa kwetu Celica ilipata jina kubwa kwa sababu ya mbio za Safari Rally. Mkenya mwenzetu Ian Duncan alishinda mbio hizo mwaka 1994 akiendesha gari hilo.

Leo hakuna kampuni kubwa inayounda taa za namna hiyo. Gari la Corvette la Marekani na Lotus Esprit la Uingereza, yote mawili yakiwa ya mwisho kuwa nazo, yaliziacha mwaka 2004. Na kwa kuwa Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane, yaliyoko nchini ni yale yale ya zamani. Ndiyo maana wenye magari haya husafiri hadi Grogan jijini Nairobi kutafuta spea zilizokwisha kutumika, na ndiyo maana ni vizuri kujua ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Usikimbilie kununua mota

Kesho yake shemeji alipeleka gari kwa mafundi. Wa kwanza alimwambia anunue mota mpya. Wa pili alitaka kukata nyaya na kuzifunga taa kwa seng'enge zibaki zimeinuka maisha. Wa tatu, mzee wa jua kali asiye na maneno mengi, aliomba kwanza aelezwe taa ilifanya nini ilipogoma. Swali hilo ndilo la msingi, kwani kila dalili ina chanzo chake.

Ikiwa taa zote mbili hazinuki lakini balbu zinawaka mle ndani, tazama fyuzi ya mota. Kwenye Toyota nyingi za aina hii huandikwa RTR. Ikiungua, weka nyingine yenye nguvu ile ile. Usitie kipande cha waya, maana utakachounguza baadaye ni gari zima. Fyuzi ikiwa nzima, kagua rilei na swichi.

Ikiwa ni taa moja tu iliyogoma, tega sikio. Kila taa ina mota yake. Mota ikinguruma bila taa kusogea, basi gia za ndani zimelika meno au mkono unaoinua taa umechomoka. Mota ikinyamaza kimya, chomoa plagi yake, isafishe, kisha ufuate waya wa athi, yaani ule uliofungwa kwenye bodi ya gari.

Ikiwa taa inapanda na kushuka bila kukoma kama mtu anayekonyeza, shuku rilei au vidude vya ndani ya mota vinavyokata umeme taa inapofika mwisho. Mara nyingi huwa vimechafuka tu.

Ikiwa inapanda kwa uvivu, pima betri na usafishe viungo. Huku kwetu upande wa Manyatta na Runyenjes ni matope mekundu, na ukiteremka Siakago na Kiritiri ni vumbi. Yote mawili huganda kwenye grisi ya zamani. Ioshe, ipanguse, upake mpya.

Yule mzee alichukua waya mmoja, akaunganisha kutoka upande hasi wa betri hadi kwenye mota. Taa ikaruka juu mara moja! Kumbe waya wa athi ulikuwa umeoza kwa kutu. Aliukwaruza, akaukaza, kazi ikaisha. Mota iliyokuwa inunuliwe haikuwa na kasoro yoyote.

Ukikwama usiku

Usiendelee na safari kwa taa moja. Egesha mbali na barabara, weka vibao vya tahadhari, kisha uinue taa kwa mkono. Zima swichi ya taa na uchomoe fyuzi ya mota kwanza, kwani taa ikiinuka au kushuka ghafla inaweza kuponda vidole. Fungua boneti, tafuta mota karibu na taa iliyogoma. Kwenye magari mengi ya Kijapani ina kifuniko cha mpira, na chini yake kuna kirungu cha kuzungushwa. Kizungushe polepole hadi taa isimame wima. Iache fyuzi hiyo nje, taa haitashuka, nazo balbu kwa kawaida zina fyuzi zake.

Jizoeze jambo hili nyumbani mchana, na umfundishe mkeo au mumeo. Weka tochi ndani ya gari. Kila jioni kabla ya kutoka, washa taa, shuka, uzitazame kwa macho yako. Ni kazi ya nusu dakika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shemeji yangu sasa huzitazama taa zake kila anaposimama. Bado hajafaulu kumshawishi mama mtoto apande tena usiku, lakini anasema atasubiri.