Paul Ereng: Dhahabu ilikuja kwa dakika moja na ushee, ukocha ndio kazi

Kama umelelewa Mukuru kwa Njenga, jina la Catherine Ndereba unalijua, na si kwa marathoni pekee. Mwishoni mwa 2021 nyumba zilibomolewa hapo mtaani kupisha barabara yenye jina lake. Hiyo ni stori ya siku nyingine. Leo nakuletea jina la mwanariadha ambalo huenda hujawahi kulisikia: Paul Ereng.

Jamaa ni Mturkana kutoka upande wa Kitale. Alisomea Starehe, hapo karibu na Pumwani, shule ambayo Geoffrey Griffin na wenzake walianzisha 1959 kwa ajili ya wavulana wasio na karo. Matatu moja au mbili tu kutoka kwenu. Alikuwa mtu wa mita 400, na mbio zikampeleka Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani.

Mwaka wa 1988 akahamia 800. Mwaka huo huo, fainali ya Olimpiki ya Seoul, Nixon Kiprotich akafyatuka mbele kama aliyeitwa na moto. Ereng akatulia nyuma. Kwenye mita za mwisho akawapita wote, Joaquim Cruz na Said Aouita wakiwemo, na kushinda kwa dakika 1:43.45. Dhahabu, mwaka wa kwanza!

Sasa, wengi wetu hapa ndipo tunafunga stori. Mtaani tukisema michezo tunamaanisha kucheza. Kocha kwetu ni yule mzee wa filimbi anayechangiwa nauli, na ukimwambia mamako unataka kuwa kocha, atakuuliza na kazi utafanya lini.

Lakini miguu huchoka. Mwaka wa 2003 Ereng alianza ukocha katika Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, mpakani na Mexico, chuo kile kile alichokimbilia Suleiman Nyambui wa Tanzania. Ni kazi ya mshahara kama nyingine: unasaka vipaji, unapanga mazoezi ya msimu mzima. Na lazima ujue alama za darasani za kila kijana, kwa sababu kwa sheria za michezo ya vyuo Marekani, asiyefikisha alama hakimbii. Ukitaka ufadhili huo, basi, cheti chako cha KCSE kina uzito sawa na muda wako uwanjani. Usidanganywe na mtu.

Kati ya waliopitia mikononi mwake ni Emmanuel Korir, naye mwenye kasi ya 400. Agosti 2021, kule Tokyo, Korir alitwaa dhahabu ya 800, mbio zile zile za kocha wake miaka 33 awali. Muda: 1:45.06. Kwa fainali za Olimpiki, kocha bado ni mwepesi kuliko mwanafunzi. Ila Korir ana 1:42.05 ya London 2018, kwa hivyo huo ubishi waachie wenyewe.