Anna Creek: Ranchi ya ng'ombe wasiochungwa

Ng'ombe wa Anna Creek hachungwi. Hana kijana wa kumfuata na fimbo, halali zizini, na mwenye mali anaweza kumaliza miezi kadhaa hajamtia machoni. Ranchi hii iko kaskazini mwa jimbo la Australia Kusini, magharibi ya ziwa la chumvi la Kati Thanda, au Lake Eyre, na inatajwa kuwa kubwa kuliko ranchi zote za ng'ombe duniani. Ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Mkoa mzima wa Kilimanjaro unaingia humo, mlima na yote, na nafasi inabaki.

Mfugaji wa Simanjiro au Kajiado asiharakishe kuona wivu. Mvua ya huko haifiki milimita 200 kwa mwaka. Dodoma, ambayo sisi tunaiita kame, hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Hata msimu ukiwa mzuri, eneo hilo hulisha takriban ng'ombe mmoja kwa kila kilomita ya mraba, na ukame wa miaka ya 2000 ulipobana, wengi ilibidi waondolewe. Ukubwa wote ule umetokana na unyonge wa ardhi yenyewe.

Kinachomshika ng'ombe asipotelee jangwani ni kiu. Chini ya mchanga kuna hazina ya maji iliyotandaa chini ya zaidi ya sehemu moja ya tano ya Australia. Ukichimba kisima kirefu, maji hupanda yenyewe kwa shinikizo, pengine yakiwa ya moto kiasi cha kuunguza, hivyo huachwa yapoe kabla hayajafika kwenye birika. Wenye ranchi hawana haja ya kumkimbiza ng'ombe, wanamsubiri majini.

Mtego wenyewe ni wa kutazama kwa makini. Birika limezungushiwa uzio wenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ule wa kuingilia una safu mbili za fito za chuma, zimeelekezwa ndani na karibu zikutane nchani. Ng'ombe husukuma kwa mabega, fito zinapanuka, anapita, zinarudi nyuma yake. Akigeuka anakutana na ncha. Siku za kawaida milango huachwa wazi ili wanyama wazoee kupita bila wasiwasi. Siku ya kuwakamata, wa kutokea hufungwa, na kufikia asubuhi zizi limejaa bila mtu kupiga hata mluzi. Mimi naona hapo kuna akili kuliko kwenye zile helikopta ndogo ambazo wapiga picha wanazipenda, ingawa nazo hutumika, pamoja na pikipiki, pale ambapo mvua imeacha madimbwi na ng'ombe hana sababu ya kuja kisimani.

Zizini kazi haina mapambo: ndama wanapigwa chapa, madume wanahasiwa, hereni za kielektroniki zinatiwa masikioni. Hereni hizo, ambazo kwetu Tanzania zimezua mabishano, kule ni lazima kisheria. Kisha lori linakuja na matela yake, pengine mita 53.5 kutoka pua hadi mkia, sawa na mabasi manne ya mikoani yakiwa yamefuatana.

Mwanzoni walifugwa kondoo hapa. Dingo, mbwa mwitu wa Australia, waliwamaliza, wakaletwa ng'ombe. Kusini ya ranchi kuna uzio wa kuwazuia dingo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 5,600. Anna Creek imeachwa upande wa dingo. Kwa miongo mingi ilikuwa ya kampuni ya Sidney Kidman, aliyetoroka kwao akiwa na miaka 13. Mwaka 2015 serikali ilizuia kampuni hiyo isiuzwe kwa wageni, sababu mojawapo ikiwa kwamba karibu nusu ya ranchi hii iko ndani ya eneo la kijeshi la kujaribia silaha. Mwaka uliofuata ranchi yenyewe ikanunuliwa na familia ya wafugaji wa jirani.

Waarabana, wenyeji wa asili wa eneo hili, walikuwapo kabla ya hao wote. Mahakama ilitambua haki yao ya asili mwaka 2012, lakini ranchi inaendelea chini ya mkataba wa malisho, kwa hiyo pande zote mbili zina haki katika ardhi ile ile. Ranchi nyingi za jangwa zilijengwa kwa jasho la wenyeji waliolipwa unga, chai na sukari. Katika ranchi ya Wave Hill, Northern Territory, wenyeji wa kabila la Wagurindji wakiongozwa na Vincent Lingiari walisusa kazi mwaka 1966, na ilipofika 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimmiminia Lingiari mchanga mkononi, ishara ya kurudishiwa ardhi.

Anayetaka kwenda apite njia ya Oodnadatta, ya vumbi, hadi William Creek, kijiji chenye wakazi wasiofika 20, kilichozungukwa na ranchi pande zote. Aende kati ya Mei na Agosti. Oodnadatta iliwahi kufikia nyuzijoto 50.7 mwezi Januari 1960. Gari likiharibika asiliache akaondoka kwa miguu. Na mvua ikinyesha, barabara hufungwa na anayelazimisha kupita hutozwa faini, kwa hiyo atakaa baa ya kijijini akingoja tope likauke, pamoja na madereva wa malori ya ng'ombe.