Haya Iliyokosea Njia

Mtu wa Suna aliyezaliwa karibu na mwaka wa uhuru, ukimwuliza leo ni muziki gani aliokuwa akiusikiliza katika ujana wake, aghalabu atakujibu kwa fahari kwamba yeye alikuwa mpenzi wa benga, na papo hapo atakutajia D. O. Misiani na Shirati Jazz, Collela Mazee na Victoria Jazz, George Ramogi na Ochieng' Kabaselleh, na namna anavyoyatamka majina hayo utadhani hakupata kuyasahau hata siku moja. Walakini ukimpa nafasi, na chai ikamiminwa mara ya pili, kidogo kidogo litachomoza jina la Kenny Rogers, kisha la Lionel Richie, kisha la Boney M., na mwisho kabisa, baada ya kutazama huku na huku kama mwenye deni, litatoka la Modern Talking. Jibu lake la kwanza si uongo, ila limepangwa upya kwa faida ya zama hizi. Katika muongo wa 1980 mtu huyo huyo angalikutajia Lionel Richie kwanza, kwa sauti, mbele ya wasichana, na Misiani angalimweka akiba ya nyumbani kwao, usiku, jamaa walipokuwa wao kwa wao.

Suna ni nchi iliyouzunguka mji wa Migori, kusini-magharibi mwa Kenya, kando ya mto wenye jina hilo hilo na juu ya barabara kuu iteremkayo kutoka Kisii hadi mpakani Isebania. Na wakati tunaousimulia, kabla Migori haijapata wilaya yake, mambo yote ya serikali yaliamuliwa Homa Bay, makao makuu ya wilaya ya South Nyanza. Wenyeji wake asili yao ni Wabantu, ambao kwa kukaa na kuoana na Wajaluo waliiacha lugha ya mababu wakaishika Kijaluo, na baadhi yao wakaongeza Kiswahili cha sokoni na cha mpakani. Kwa hiyo kupokea kitu cha jirani na kukifanya chao halikuwa jambo geni kwao hata kidogo. Redio nayo iliwapa chaguo maridhawa. Sauti ya Kenya ilitangaza Kijaluo kutoka Kisumu, na Kiswahili na Kiingereza kutoka Nairobi, na ng'ambo ya pili ya mpaka Redio Tanzania Dar es Salaam ilileta Juwata Jazz, Mlimani Park na Marijani Rajab, ambao nyimbo zao ndefu za mapenzi na mauti zilimfaa mtu mzima aliyekwisha kula chakula cha jioni. Lakini idhaa hizi hazikuwa sawa kwa hadhi. Kijana aliyeketi na redio yake kwenye idhaa ya Kiingereza, akikisubiri kipindi kilichoitwa Sundowner hali mawe ya redio yanaelekea kufa, alihesabiwa kuwa ni mtu aliyesoma, hata kama katika kila maneno kumi ya mwimbaji alikuwa akiyafahamu matatu.

Ni vema msomaji asiyeijua benga aelezwe kwanza ni kitu gani hicho kilichokuwa kikionewa haya. Usuli wa ufundi wake ni nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukaa chini nacho, akazidona nyuzi kwa vidole vya mikono miwili, huku pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu ikigonga mti wa chombo, na njuga za mguuni zikiitikia, na yeye mwenyewe akighani sifa za watu na makosa yao. Gita lilipoenea Nyanza, vijana hawakulikwangua nyuzi zote kwa pamoja kama wafanyavyo wapigaji wengi wa nchi nyingine, bali walizidona moja moja, kwa kasi, kama walivyosikia wazee wakifanya, na gita la besi wakaliachia kazi ya ule mguu wenye pete, likawa linaruka na kusukuma mbele badala ya kufuata nyuma. Wimbo huanza kwa maneno; waimbaji wawili hupokezana na kuungana; kisha sauti za watu hunyamaza na magita huachwa yakimbizane, na hapo ndipo wachezaji walipokuwa wakipasubiri tangu mwanzo. Kwa kuwa sahani ndogo ya santuri, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, haikuweza kubeba wimbo mzima, wenye viwanda waliukata katikati, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa nyuma, hata ikawa katika kila nyumba yenye santuri kuna mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na kuigeuza upesi, kabla wageni hawajapoa.

Misiani, ambaye kila mtu alimwita bwana wa fani hii, alizaliwa upande wa Shirati, Tanzania, mwendo mfupi kutoka Muhuru Bay, akavuka kuja kutafuta maisha Kenya, akaanza kutunga katika miaka ya 1960, na hakuacha mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani huko Kisumu mwaka 2006. Alikuwa na ulimi wa mafumbo, akipenda kusema juu ya wakubwa kwa visa vya wanyama na vya Biblia, na zaidi ya mara moja mafumbo hayo yalimfikisha mikononi mwa polisi. Muziki wa namna hii haukuwa duni kwa kipimo chochote. Kosa lake, machoni pa kijana wa sekondari, lilikuwa kwamba mama yake aliufahamu.

Maana benga ilikuwa muziki wa matanga, wa masoko, na wa mikesha ambamo mtu mwenye fedha husimamisha bendi nzima kwa noti moja ili ajisifu, na ausifu ukoo wake na ng'ombe wake, desturi iitwayo pakruok. Nayo fedha ilikuwapo. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianzishwa mwaka 1979, na mashamba ya tumbaku yalikuwa yakienea katika Migori na Kuria. Mkata miwa aliyepokea mshahara alijua vizuri sana mahali pa kuutangaza. Mwanafunzi, aliyekuwa akihimizwa kila siku asije akawa mkata miwa, aliyaona hayo yote, akatafuta muziki ambao mkata miwa hakuutaka.

Akaupata katika kanda. Kufikia katikati ya muongo ule kanda ilikuwa imeipiku santuri kwa urahisi wa bei na wa kubeba, na kwa dhuluma yake pia, kwani kila kibanda chenye mashine mbili kiliweza kunakili kanda usiku kucha bila mtunzi kupata hata senti. Mtu alipeleka orodha yake iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, akalipa, akarudi kesho kuchukua nyimbo zake zikiwa zimepangwa alivyotaka, na ile ya mwisho imekatika kati kwa kuwa utepe umekwisha. Kanda ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya wino ili kuhifadhi mawe, na mawe yakichoka yalianikwa juani yapate uhai kidogo. Kulikuwa na daftari vilevile, ambazo zingestahili makumbusho: vijana wa bwenini waliandika humo maneno ya nyimbo za Kiingereza kwa kuyasikiliza tu, na kwa kuwa sikio la Nyanza halikulelewa Alabama wala Manchester, walijaza nafasi kwa maneno yaliyokaribia, na wimbo wa huba ukapata ubeti mzima usio na maana katika lugha yoyote, ambao uliimbwa kwa machozi.

Kenny Rogers anataka kutetewa kidogo. Kicheko anachopata sasa kwa vijana wa mjini hakimstahili, kwani pamoja na Jim Reeves, ambaye alikuwa amekufa katika ajali ya ndege tangu mwaka 1964 na bado akiombwa redioni kama aliye hai, na pamoja na Dolly Parton, alikuwa akisimulia visa: mtu na mkewe, baba na mwanawe, mchezaji kamari na hekima yake. Suna ilikuwa nchi ya masimulizi. Mwimbaji asimuliaye kisa polepole, kwa maneno yanayotamkwa sawasawa, alikuwa na haki ya kukaribishwa pale, na mzee aliyemlaani Michael Jackson kwa glavu yake moja hakuona ubaya kwa Jim Reeves kusindikiza chakula cha Jumapili baada ya kanisa.

Habari ya Boney M. ni nyingine. Albamu yao ya Krismasi, iliyotoka mwaka 1981, ilipigwa Migori kila Desemba bila huruma, na hakuna disko ambalo halikuwa na kijana aliyejifungua kifua akimwiga Bobby Farrell, yule mwanamume wa kundi, kwa mizunguko na miruko yake. Kumbe sauti nzito iliyosikika katika sahani haikuwa ya Farrell. Ilikuwa ya Frank Farian, Mjerumani aliyelitunga kundi lile, ambaye aliimba studioni kisha akampa mwingine kazi ya kucheza. Farian huyo huyo alirudia hila yake kwa Milli Vanilli, vijana wawili wenye nywele ndefu za kusokota, ambao walitunukiwa tuzo ya Grammy mwezi Februari 1990, wakanyang'anywa Novemba mwaka ule ule ilipodhihirika kwamba hawakuimba hata neno. Kwa hiyo kijana wa Suna aliyefumba kinywa na kuiga miguu tu alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua.

Serikali nayo ilijaribu mara moja kutunyoosha. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa kwamba robo tatu ya muziki wote uwe wa Kenya. Kelele zikazuka, na amri ikaondolewa upesi. Hasara haikuwa kubwa, kwa maana sijui wangemhesabu wapi Misiani mzaliwa wa Shirati, au Super Mazembe, Wakongo waliokaa Nairobi, ambao Kasongo yao ya mwaka 1977 imekuwa ya Kenya kiasi kwamba miaka ya karibuni vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo wameifanya lakabu ya rais wa nchi. Mwaka 1985 ukaja ule wimbo wa hisani ambao Lionel Richie na Michael Jackson waliutunga kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Ukaimbwa hata shuleni kwa moyo wa kuwahurumia maskini wa mbali, na wanafunzi hao wenyewe walikuwa wametoka juzi tu katika ukame wa 1984, walipokula mahindi ya manjano kutoka ng'ambo huku wakiyalalamikia ladha yake.

Na wakati huo huo, wengine walikuwa wakiichukua benga. P. Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa santuri ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Homa Bay, alikuwa ametoa sahani nyingi za magita ya Nyanza, na sahani hizo zikasafiri kusini hadi Zimbabwe, ambako watu wasiojua neno moja la Kijaluo walizipenda hata wakauita muziki wote wa namna ile kanindo. Na chapa yake nyingine, Sungura, ndiyo iliyoupa jina muziki wa magita unaopendwa katika nchi ile mpaka leo. Mwaka 1989 wenye kampuni za London walitoa albamu mbili za Misiani, Piny Ose Mer na Benga Blast!, na wazungu wakazinunua kwa fedha nzuri. Sahani zilizouzwa sokoni Migori na kukwaruzwa na watoto zimekuwa vitu vya kutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, na mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi iliona haja ya kutoa kitabu, nyimbo na filamu ili historia ya benga isipotee, ilhali waliopaswa kuwa mashahidi wake walikuwa wanafunzi waliokuwa wakizima redio Kisumu ilipoanza kuipiga.

Izara ya kweli, ikiwa ipo, ni hiyo ya kuzima redio. Kumpenda Lionel Richie hakukumdhuru mtu, Kenny Rogers nimekwisha kumtetea, na Boney M. walitudanganya pamoja na dunia nzima. Zile nywele za vijana wa siku hizo, zilizotiwa dawa zikajikunja na kutiririsha mafuta hadi kwenye kola ya shati nyeupe zilikuwa na hasara yake, lakini waliozifua shati hizo wamekwisha kusamehe. Kuhusu Modern Talking sina la kusema.