Darasa la Nane la Mwisho

Kukutana na kuagana ni ada ya walimwengu, nasi walimu tumeizoea kuliko wengine. Kila Januari hufungua daftari jipya lenye majina mengine, na waliokwenda wakawa wamekwenda. Hata hivyo lipo darasa moja ambalo mpaka leo likitajwa moyo wangu hushtuka, nalo ni Darasa la Nane la 2023.

Hilo ndilo lililokuwa la mwisho. Mtihani wa KCPE ulianza 1985 pamoja na mpango wa 8-4-4, ukafungwa na watoto hawa, ambao nchi nzima walikuwa kiasi cha milioni 1.4. Nyuma yao hapakuwa tena na Darasa la Saba wala la Sita. Palikuwa na Gredi. Mimi mwenyewe niliufanya mtihani huo katika miaka yake ya mwanzo.

Wangu walikuwa 41, katika shule ya hapa Mombasa, si mbali na Bandari ya Kale. Kushikana kwao, naona, kulitokana na korona. Shule zilipofungwa Machi 2020 walikuwa Darasa la Tano, wakakaa majumbani mpaka Januari 2021. Kisha miaka ikabanwa: la Sita wakaingia Julai 2021, la Saba Aprili 2022, la Nane Januari 2023. Watoto waliokimbizwa hivyo ama huachana njiani, ama hushikana mikono.

Tuliporudi 2021 kijana mmoja hakuonekana. Babake, mvuvi, alikuwa mgonjwa, naye akawa anatoka na ami yake kwa ngalawa kila alfajiri. Nilipokwenda kwao nilikuta darasa limenitangulia. Wasichana wameketi na mamake, wavulana wako soko la samaki wanambembeleza yule ami: “Ami, mwachie asubuhi aje asome. Jioni tutakuja sisi tukusaidie kubeba samaki.” Na wallahi walikwenda, kwa zamu, mpaka mzee akapona. Sikuwatuma mimi.

Basi Jumatano, tarehe 1 Novemba 2023, ikafanywa karatasi ya mwisho, Masomo ya Jamii na ya Dini, na wangu wakamalizia kwa maswali ya Dini ya Kiislamu. Wasimamizi walipokwisha kuondoka na bahasha zao tukakaa darasani. Akina mama walileta mahamri na mbaazi za nazi, kaimati, sambusa, na mzazi mmoja akaja na halwa na birika la kahawa. Kwingine siku hiyo watoto humwagiana unga na kuchorana mashati, jambo nisilolipenda. Hawa walikubaliana mashati yafuliwe, wapewe wadogo zao.

Sasa ikaja kengele. Ada ya shule yetu ilikuwa kiranja wa Darasa la Nane kumkabidhi kengele mwenzake wa Darasa la Saba. Mwaka huo apewe nani? Gredi ya Saba walikuwa Sekondari Msingi, wana walimu wao na saa zao. Wakabishana. Kiranja, msichana mpole wa maneno machache, akainuka, akaenda mpaka Gredi ya Tano, akamshika mkono mtoto mmoja na kumfundisha: polepole kwa kuingia, harakaharaka kwa kutoka. Tukaisikia kengele ikipigwa ovyo huko nje. Darasa zima likacheka, kisha likanyamaza, na mmoja akaanza kulia. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha mwenziwe, na mimi nikiwemo.

Yule kijana wa ngalawa alitakiwa aseme neno. Alisimama, akasema, “Mwalimu, mimi sina la kusema. Wao wanajua.” Akaketi. Tukaomba dua, tukasoma Fatiha.

Matokeo yalitangazwa tarehe 23 mwezi huohuo. Alama zao juu ya 500 wazazi wanazijua, sizitaji hapa. Wengine walikwenda shule za bweni bara, wengine za kutwa hapahapa, na hesabu yao ya kidato cha nne ni 2027. Chumba chao Januari 2024 kiliingia Gredi ya Nane.

Jioni za likizo, nikipita soko la samaki, huwaona wanne watano wamesimama na vikapu, wanamngojea mwenzao arudi na ngalawa. “Shikamoo, Mwalimu,” huniamkia, nami huwauliza wale wa bara wamerudi lini.