Kora: Pori la 'Baba ya Simba'

Ukitoka Dadaab kuelekea Nairobi utavuka Mto Tana pale daraja la Garissa. Je, unajua maji hayo yametoka kupitia wapi? Kabla ya kufika Garissa yameambaa kando ya Mbuga ya Taifa ya Kora, yenye eneo la kilomita 1,788 za mraba. Ukingoni kuna mikoma na migunga mirefu. Mbali na mto ni vichaka vya miiba na vilima vya mawe.

Mwaka wa 1970 mzee George Adamson, aliyewahi kuwa afisa wa wanyama pori kaskazini mwa Kenya, alihamia huko na kujenga Kampi ya Simba. Gari halikuwa na pa kupita. Nduguye, Terence, pamoja na vibarua, ndio waliofyeka njia. Simba waliofugwa na watu walizoeshwa hapo maisha ya porini. Mmoja wao, Christian, alikuwa amenunuliwa dukani mjini London! Ndipo watu wakamwita mzee huyo 'Baba ya Simba'.

Tarehe 20 Agosti 1989, majambazi walimvamia mgeni wake na mfanyakazi wa kambi. Adamson, akiwa na miaka 83, aliwasha gari kwenda kuwaokoa. Aliuawa kwa risasi, yeye na wasaidizi wake wawili Wakenya. Baada ya msiba huo, Kora, iliyokuwa hifadhi tangu 1973, ikafanywa mbuga ya taifa.

Ukitaka kupiga kambi huko na jamaa yako, kwanza uliza Shirika la Wanyama Pori (KWS) kuhusu usalama na hali ya barabara. Waweza kupitia Mbuga ya Meru, kwani kuna daraja linaloziunganisha mbuga hizo mbili. Beba maji, chakula na mafuta ya kutosha. Watoto wasioge mtoni, mamba na viboko ni wengi. Usiku usitoke hemani ovyo.

Adamson amezikwa humo, karibu na Terence na simba aliyeitwa Boy. Wapelekeni watoto wakaone. Lakini waambieni pia habari za wale Wakenya wawili, na za vibarua walioshika panga juani. Vitabu na filamu vimemsifu Adamson duniani kote, nao hutajwa kwa nadra. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.