Manjano, upupu na mkono unaotetemeka

Sokoni Tandika, wilayani Temeke, manjano ya unga hukaa jirani na karafuu na pilipili manga. Ukienda Tandale, upande wa Kinondoni, utakutana na majani ya mlonge yaliyosagwa. Siku hizi mnunuzi haambiwi habari za mchuzi tu. Huambiwa pia kwamba unga huo unalinda mishipa ya fahamu ya wazee.

Dai hilo lina chanzo chake. Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yetu. Oksijeni hiyo inapotumika huzaa chembe kali zinazotafuna seli za neva kidogo kidogo, kama kutu inavyokula mabati ya nyumba za karibu na bahari. Mimea, ambayo hushinda juani, hujitengenezea kinga: kurkumini kwenye manjano, yujenoli kwenye karafuu, kwesetini kwenye mlonge. Huko maabara, seli zilizopewa kurkumini huzihimili chembe hizo vizuri zaidi.

Shida ni safari ya kutoka chunguni hadi kichwani. Kurkumini nyingi hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Na vitamini E, kinga nyingine ya mimea, ilipojaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 800 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono, matokeo ya 1993 yalionyesha haikupunguza kasi ya ugonjwa.

Mmea uliomsaidia kweli mgonjwa wa Parkinson ni ule unaotuwasha tangu utotoni: upupu. Mbegu zake zina levodopa, dawa ileile anayoandika daktari. Hauzuii seli kufa. Hufidia kile ambacho seli zilizokufa hazikitengenezi tena. Hata hivyo, usizisage nyumbani, kwani kipimo hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu.

Linaloniumiza ni jingine. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulipata wagonjwa 33 wa Parkinson kati ya watu 161,000 hivi, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Mara nyingi kutetemeka kwa mzee hudhaniwa ni uzee tu.

Mchuzi wa manjano tuendelee kuula. Lakini bibi au babu akianza kutetemeka mkono na kuburuza miguu, mpeleke hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, umwambie daktari kila unga anaoutumia, na kama anameza vidonge vya presha, asiviache kwa ajili ya unga huo.