Bahati au Ustadi?

Sebuleni kwa ami, Mabela, ubishi wa tarehe 12 Disemba 2021 haujaisha hadi leo. Siku hiyo, Abu Dhabi, Hamilton na Verstappen walianza mbio wakiwa na pointi sawasawa, 369.5 kila mmoja. Hamilton akaongoza karibu mbio nzima. Mwishoni Latifi akagonga ukuta, gari ya usalama ikatoka, Verstappen akabadilishiwa matairi, na mzunguko wa mwisho akampita.

"Bahati tupu!" binamu yangu hupiga kelele.

Ami, mtoto wa Unguja, hucheka. Yeye humtaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Safari Rally ya 1973 alilingana kabisa na Harry Källström, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Hapo mtu angesema kabahatika. Lakini akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982! Tope la Kenya limpende mtu mara tano?

"Na Verstappen katwaa 2022, 2023 na 2024," ami humalizia.

Binamu hajali. Anataka mzunguko ule mmoja urudiwe.